Zamu, mtu wa kuajiriwa au kampuni: nani atunze ngazi, tenki na geti la ghorofa lenu?

Naongelea maghorofa ya kawaida ya Dar, yale ya ghorofa tatu nne mpaka saba hivi, Sinza, Upanga, Kariakoo, Kinondoni, sio yale marefu ya Masaki yenye bwawa la kuogelea, maana kule ukihamia unakuta kila kitu kimeshapangwa na kazi yako ni kulipa tu. Kwenye haya ya kwetu swali linakuja mapema sana, nani anadeki ngazi, nani ananunua umeme wa LUKU wa pampu, nani anaita gari la majitaka chemba ikifumuka Jumapili asubuhi wakati wageni wa mtu wanashuka kwenye gari. Njia ziko tatu: mnapeana zamu wenyewe, mnaajiri mtu wenu, au mnawapa kampuni. Nyingine zote utakazosikia ni mchanganyiko wa hizo.

Watu wengi wakikaa kikao wanaanza na bei, na mi naona hapo ndipo wanapopotea. Anzeni kuhesabu humo ndani wanaishi kina nani. Jengo la nyumba 12 ambalo wenye nyumba tisa wanakaa humo humo, na jengo la nyumba 12 ambalo wote ni wapangaji na wenye nyumba wako Mwanza, Muscat na London, hayo ni majengo mawili tofauti kabisa hata kama yamejengwa kwa ramani moja. Mpangaji ameshatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ukimwendea achangie rangi ya nje au bati la juu atakuuliza vizuri tu kwani mwenye nyumba yuko wapi, na hapo huna jibu kwa sababu ana haki.

Alafu tenganisheni vitu. Kuna vya kila siku, ngazi, korido, taa, taka, geti, na kuna vile vinavyokuja mara moja kwa miaka kadhaa ila vikija vinakuja na bili ya kutisha, pampu, paa, mabomba makuu, chemba, rangi, lifti kama mnayo. Zamu inaweza kubeba vya kila siku kwa shida, vya pili haiwezi kabisa. Mtu wa kuajiriwa anabeba vya kila siku vizuri na vya pili anaviona vikianza kuharibika, ila hela hana. Kampuni ina mafundi wa vyote viwili, ila itafanya kile tu mlichoandikishana, na hiki watu wanakisahau sana.

Ngazi na korido

Hapa zamu inapendeza, kwenye jengo la nyumba nne au sita mnaojuana. Ratiba inabandikwa pale chini kwenye mita, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mnatoka wote na mafagio kama nchi ilivyozoeshwa tangu ile Desemba 9, 2015, sherehe za Uhuru zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi. Shida ni siku za katikati. Mkisema kila mtu na mbele ya mlango wake, mlango mkuu na ngazi za kwanza ambazo kila mtu anazikanyaga zinabaki kwa wa chini peke yao, na yule wa juu kabisa ambaye kwake hapiti mtu anadeki mara moja kwa wiki na bado panang'aa. Na kuna jambo halisemwi kwenye vikao: nyumba nyingi zamu haifanywi na mwenye nyumba, inafanywa na dada wa kazi. Kwahiyo mnakaa watu wazima nane mnapitisha ratiba, alafu wanaoitekeleza ni wasichana nane ambao hawakuitwa kwenye kikao, hawajaulizwa, wala hawajaongezewa hata elfu tano. Baada ya miezi miwili mnashangaa ngazi chafu.

Mtu wa kuajiriwa anafagia kila asubuhi na kudeki mara mbili tatu kwa wiki, na akiwa mzuri atakwambia mwenyewe kwamba kuna unyevu unatokeza ukutani ghorofa ya pili, yaani bomba limeanza kuvuja ndani kwa ndani. Hiyo taarifa ina thamani kuliko deki yenyewe. Ugonjwa wake ni mmoja, kila mtu ni bosi. Huyu anamtuma vocha, huyu anamwambia apandishe mtungi wa gesi, huyu gari lioshwe, ikifika saa nne asubuhi ndoo ya maji iko ghorofa ya kwanza imeachwa na mwenyewe yuko dukani anangoja chenji ya mtu. Dawa yake ni kumpa bosi mmoja tu mwenye jina, na anayetaka kumtuma anampa hela yake baada ya saa za kazi.

Kampuni inaleta kijana mwenye sare na karatasi ya kusaini kila akimaliza. Usafi unakuwa sawa, wakati mwingine mzuri kuliko wote, ila vijana wanabadilishwa badilishwa, huyu wa leo hajui jengo, haoni unyevu ule ukutani, anaona ukuta tu. Ulizeni mapema sabuni, dawa na mafagio ni juu ya nani.

Maji, hapa ndipo majengo yanapoamuliwa

Ukitaka kujua kama mfumo wenu unafaa usiangalie ngazi, angalia tenki. Chukua nyumba 12, kila moja watu wanne, kila mtu lita 60 kwa siku, hiyo ni lita 2,880. Simtanki la lita 5,000 juu halimalizi siku mbili. Maji ya DAWASA yakikata, au yakija usiku wa manane kwa mgao, kila kitu kinategemea nani yuko macho kuwasha pampu na nani atakumbuka kuizima.

Kwa zamu matokeo yanajulikana. Anayehusika amesinzia, maji yanafurika juu ya paa usiku kucha, yanatafuta ufa, asubuhi silingi bodi ya mtu wa ghorofa ya mwisho imevimba kama andazi. Au kinyume chake, tenki la chini limekauka na pampu inazunguka bila maji mpaka inaungua. Kabla hata ya kuchagua nani atunze jengo, wekeni boya la umeme juu na chini, ile inayokata yenyewe tenki likijaa na tenki la chini likiisha. Bei yake ukilinganisha na pampu mpya ni kichekesho. Nimeona jengo linabishana mwezi mzima kuhusu nani azime pampu wakati boya lingemaliza kesi kwa mchana mmoja wa fundi.

Sasa LUKU ya hiyo pampu. Pampu ya hp 1.5 inakula kama kilowati 1.1, ikizunguka saa tatu kwa siku ni uniti 3.3, kwa mwezi uniti 99, na kwa bei ya uniti ya shilingi 350 na ushee unaongelea kama elfu 35 kabla ya taa za ngazi na za geti. Sio hela nyingi mkigawana 12. Lakini kwenye zamu hakuna anayeishika. Ijumaa saa mbili usiku mita ya pamoja inaisha, ngazi giza, grupu la WhatsApp kimya, kila mtu amesoma. Baada ya nusu saa mtu wa ghorofa ya tatu anaandika "jamani maji hayatoki?" na alama ya kuuliza, kana kwamba hajui. Mwisho mwenye mtoto mchanga ananunua ya elfu kumi, anaweka picha ya tokeni kwenye grupu, anapata vidole gumba vinne na hakuna hata mmoja anayemrudishia. Zamu kwenye umeme maana yake ni hiyo, mwenye haraka ndiye mlipaji.

Mtu wa kuajiriwa anamaliza hili kirahisi, kila Jumatatu anapiga picha kioo cha mita anamtumia mhazini, zikibaki uniti 20 inanunuliwa. Kwa kampuni kuwa makini, ofa nyingi zina mstari mmoja mdogo unaosema gharama haijumuishi umeme na maji ya maeneo ya pamoja, na watu wanaugundua mwezi wa pili.

Jingine la LUKU, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo. Hiyo kodi ni ya mwenye jengo, sio ya aliyenunua umeme, kwahiyo mkiwa wapangaji na inakatwa kwenye mita ya pamoja, andikeni kwenye daftari na mwenye nyumba awarudishie au aipunguze kwenye kodi ya pango. Hapo mtu wa kuajiriwa na kampuni ni sawa tu, ilimradi kuna anayetunza risiti. Kwenye zamu hakuna.

Hela, tuweke ubavu kwa ubavu

Hizi ni namba za mfano kwa jengo la nyumba 12 bila lifti, futa uweke zenu.

Zamu: LUKU 60,000, taka 120,000, vifaa 20,000, jumla 200,000, kila nyumba 16,667. Rahisi sana. Alafu pampu inakufa, pampu na fundi tuseme 900,000, kila nyumba 75,000 siku hiyo hiyo, na maji hakuna, na wawili wamesafiri, na mmoja anasema yeye anahama mwisho wa mwezi.

Kuajiri: msafishaji 250,000 na mlinzi wa usiku 300,000, hapo 550,000. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, mkigawana nusu kwa nusu na mfanyakazi kama wengi wanavyofanya nyie mnaongeza 55,000. LUKU 60,000, taka 120,000, vifaa 40,000, na akiba 240,000 yaani elfu 20 kila nyumba. Jumla 1,065,000, kila nyumba 88,750. Najua majengo mengi yanaruka NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wanampa kijana hela mkononi na salamu. Siku akianguka kwenye ngazi na ndoo ndipo mnaanza kuulizana nani alimwajiri, na kwa kuwa hakuna mkataba wa maandishi jibu ni nyie wote.

Kampuni: tuseme wanataka 1,200,000 kwa usafi, mlinzi, taka na usimamizi. Ikiwa imesajiliwa VAT inaongeza asilimia 18, hapo 216,000, inakuwa 1,416,000, kila nyumba 118,000. Ukichunguza unakuta LUKU haimo na akiba haimo, ongeza 300,000, ni 1,716,000 na kila nyumba 143,000. Tofauti na kuajiri ni kama elfu 54 kwa nyumba kwa mwezi. Kwa hiyo tofauti mnanunua kutokusumbuka na NSSF, likizo ya mtu, mlinzi mgonjwa na mlinzi aliyelala. Mlinzi wa kampuni akilala kazini mnapiga simu analetwa mwingine, wa kwenu akilala mnaitisha kikao, na nusu ya kikao inamtetea kwa sababu ana watoto.

Ona kwenye mahesabu yote kitu kinachotofautisha sana ni ile akiba. Zamu haina pa kuiweka. Mtu wa kuajiriwa hawezi kuishika. Na kampuni msiipe. Hiyo nasema bila kupepesa macho, akiba ya paa na pampu ikae kwenye akaunti ya jengo yenye watia saini wawili au watatu, sio kwenye simu ya mhazini, sio kwa kampuni, hata kampuni iwe nzuri vipi.

Taka na chemba, kwa haraka

Taka hazibadiliki sana kwa njia yoyote kwa sababu mitaa mingi mzoa taka anapangwa na manispaa na ada yake mnalipa hata mkiwa na kampuni. Muhimu ni pipa lisikae chini ya ngazi.

Chemba ni kesi nyingine. Nepi na taulo za kike zinatupwa ghorofa ya nne, mafuta ya kukaangia samaki yanamwagwa ghorofa ya pili, maji machafu yanatokea bafuni kwa mtu wa chini. Kwenye zamu anayeumia ndiye anayelipa gari la kunyonya, kila mara, mpaka anahama. Kwenye kuajiri au kampuni inalipwa na mfuko wa wote, na hapo ghafla wa ghorofa ya nne anaanza kuwa makini na nepi zake.

Nani anaweza kumlipisha asiyelipa?

Kila jengo lina mmoja. Yuko vizuri, gari lake linang'aa kuliko yote hapo chini, na ndiye ana deni la miezi tisa.

Kwa zamu silaha yenu ni aibu tu, na kuna watu hawana. Kwa kuajiri angalau kuna daftari, ile kaunta buku ya mhazini yenye majina na miezi, na likibandikwa pale kwenye mita watu wanalipa usiku kwa simu bila kusema neno. Watu wengi wanadhani kampuni ndiyo itamaliza kesi, wanakosea. Kampuni inatuma invoisi na kukumbusha, nguvu zaidi ya hizo lazima ipewe na wamiliki. Sheria Na. 16 ya mwaka 2008, ile inayoruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, imeweka kwamba maeneo ya pamoja ni ya wamiliki wote kwa mafungu yao na wana umoja wao wa kuyasimamia. Zanzibar wana ya kwao ya 2010, na Kenya walitunga upya ya kwao 2020. Kwahiyo mkiwa na hati za namna hiyo mna pa kusimamia, na michango inakuwa deni halali, sio hisani. Mkiwa hamna, mnabaki na mjumbe, mwenyekiti wa mtaa na mkataba wa kila mpangaji, na hapo dawa ni mwenye nyumba aandike mchango wa jengo ndani ya mkataba wa pango tangu siku ya kwanza.

Maana yake kamati mnaihitaji hata mkileta kampuni. Lazima kuna wa kusaini mkataba, kukagua kazi na kusema hapana. Majengo mengi ya mjini hayana mazoea hayo na nadhani sababu ni historia. Mengi ya Upanga, Kariakoo na katikati ya mji yalitaifishwa 1971 yakawa chini ya Msajili wa Majumba, 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa lililokuwepo tangu 1962, kwahiyo vizazi viwili vimekua vikijua kikivunjika kitu mnaandika barua na kungoja. Ukimwambia mtu aliyekulia humo kwamba paa ni lake pia, anakuangalia tu.

Mi ningechagua hivi

Nyumba nne mpaka sita, mnajuana, hamna lifti: zamu kwa usafi sawa, ila LUKU na maji viondoeni kwenye zamu, kila nyumba itoe kiasi kile kile kila tarehe 5 na mtu mmoja ashike. Mkiweza lipeni hao madada elfu kumi kumi kwa mwezi, ngazi zitabadilika wiki hiyo hiyo.

Nyumba nane mpaka kama 20, nusu au zaidi ya wamiliki wanaishi humo: ajirini wenu. Kwa majengo mengi ya huku hii ndiyo inalipa, mradi bosi awe mmoja, mkataba uwe wa maandishi, na mhazini asizidi mwaka bila hesabu kubandikwa ukutani.

Wamiliki wengi hawapo, au mna lifti, au nyumba zimezidi 20: kampuni, na msivutane kuhusu ile elfu 54. Lifti haina mjadala, hata mkiwa wachache, hiyo ichukulieni mkataba wake peke yake na watu wa lifti, fundi wa mtaani anayejua pampu asiguse hata kitufe. Na mitungi ya zimamoto muone tarehe zake wenyewe kwa macho, nimeona kampuni moja imefuta vumbi kwenye mtungi kila wiki kwa uaminifu mkubwa wakati umeshaisha muda siku nyingi. Namba 114 ya zimamoto ibandikwe kila ghorofa.

Wapangaji watupu na mwenye jengo ni mmoja: hapo msihangaike kuchagua, mwenye jengo ndiye achague na alipe, nyie mdai iingie kwenye mkataba wa pango na kiasi chake kiandikwe. Ukiwa unatafuta chumba muulize dalali mbele ya mwenye nyumba mita ya pampu inalipwa na nani. Dalali akijibu yeye, muulize tena mwenye nyumba.

Mkienda na kampuni, mkataba wa kwanza uwe wa miezi sita sio miaka miwili, kuvunja kwa notisi ya siku 30 pande zote, orodha ya kazi iandikwe kwa siku na kwa wiki, na fundi akiitwa kwa kazi ya zaidi ya kiasi fulani, tuseme laki mbili, mwenyekiti wenu akubali kwa maandishi kabla, hata kwa meseji. Na iandikwe wakiondoka wanakabidhi nini: funguo zote za chumba cha pampu na za juu kwenye paa, namba za mita, orodha ya mabomba yanapita wapi, na salio. Nakala moja ya funguo za pampu ikae kwa mtu wa ndani ya jengo tangu siku ya kwanza, maana meneja wa kampuni anaishi Chanika, kule pembezoni mwa jiji, na maji yakikata saa tano usiku hatakuja.